Lubie Jikoni kwa Mama Fadlo

Nuhad alisikia mlango wa nyuma ukilia, akadhani ni mtu wa gesi.

"Weka mtungi hapo hapo mlangoni," alisema bila kugeuka. "Na usiuburute. Mwenye nyumba amelala."

Nuhad aliendelea na kazi yake. Mbele yake palikuwa na beseni la maharagwe mabichi ya kupikia lubie, yale mapana yanayoliwa na maganda yake, yaliyochumwa asubuhi ile kabla jua halijawa kali. Alivunja ncha, akavuta uzi wa ubavuni, akavunja ncha ya pili, akakata ganda vipande, akatupia kwenye bakuli. Vitunguu maji vilikuwa vimeshakatwa. Vitunguu saumu vilikuwa vimemenywa na kuachwa vizima, maana Mama Fadlo hakutaka viguswe na kisu.

"Sina mtungi," sauti ya mwanamume ilisema. "Nina begi tu."

Kisu kilisimama katikati ya ganda.

Kuna sauti ambazo mtu huzisahau, na kuna sauti ambazo mtu hujidanganya tu kwamba amezisahau. Nuhad alibaki ameinamia beseni, uso ukimwaka, akiomba Mungu ampe muda kidogo kabla ya kugeuka.

"Ulisema utafika Jumapili," alisema hatimaye.

"Nilipata ndege ya mapema."

"Shuka zako bado ziko kwenye kamba."

"Nuhad."

"Futa viatu, tafadhali. Nimepiga deki sasa hivi."

Fadlo alifuta viatu. Alivifuta kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji, na wakati huo ndipo Nuhad alipogeuka akamtazama. Alikuwa amenenepa kiunoni. Nywele za pembeni zilikuwa zimeota mvi, na kwenye kiganja cha kushoto alikuwa na kovu refu ambalo yeye hakulijua. Miaka tisa Sidney ilikuwa imempa mwili wa mtu mwingine, lakini macho yalikuwa yale yale ya kahawia, yenye kope ndefu kama za msichana, ambazo zamani Nuhad alikuwa akimtania kwazo mpaka anakasirika.

"Kovu la nini hilo?" aliuliza.

"Mashine ya kukatia vigae. Kazi yangu ni kutandaza vigae kwenye mabafu ya watu." Aliiangalia mikono ya Nuhad, akayaangalia maharagwe. "Na wewe unafanya nini jikoni kwa mama?"

"Si unaona? Napika lubie."

"Naona. Nauliza tangu lini."

Nuhad aliwasha jiko, akamimina mafuta ya zeituni kwenye sufuria pana. Jibu lingemlazimu aanzie mbali.

Zamani, wakati wa kuchuma zeituni, Fadlo alikuwa amemwambia Nuhad kwamba atamuoa, na Nuhad alikuwa amemwamini. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe. Walikua pamoja, wakasoma pamoja, wakapendana bila mtu kushangaa. Aliyeshangaa alikuwa mama yake Fadlo peke yake. Mama yake Nuhad alikuwa amemkimbia mumewe na kumfuata mwanamume mwingine Beiruti, akamwacha binti mdogo na baba yake, mzee Tanus, aliyekuwa akilia sebuleni mlango ukiwa wazi. Kijiji kizima kiliyaona. Kwa hiyo Jumapili moja, kwenye ngazi za kanisa, mbele ya wanawake wote, Mama Fadlo alisema kwa sauti ambayo hakujaribu kuipunguza: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwanangu hatalala na nyoka kitanda kimoja."

Maneno yale yalimuuma Nuhad, lakini hayakumvunja. Kilichomvunja ni kwamba Fadlo alikuwa amesimama pale pale, ngazi moja juu ya mama yake, na aliinamisha kichwa akanyamaza.

Baada ya miezi michache akaenda Australia kwa mjomba wake. Alisema atamwita. Simu zilikuja kila wiki, kisha kila sikukuu, kisha Nuhad akaacha kuzipokea. Mzee Tanus akafa. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, Kanada, Brazili, Ghuba, hata ikafika mahali ambapo mtu akikohoa juu ya kilima anasikika bondeni. Katika mtaa ule wa juu walibaki wanawake wawili tu, kila mmoja upande wake wa ukuta, wasiosalimiana.

"Tangu mikono yake ilipoanza kutetemeka," Nuhad alijibu sasa, akitupia vitunguu kwenye mafuta.

"Mama hakuniambia kama anatetemeka."

"Angekuambiaje, na simu namshikia mimi sikioni?"

Fadlo alivuta kiti akaketi. Begi lilikuwa bado begani.

"Ilikuwa mfungo wa Bikira, kama sasa," Nuhad aliendelea. "Nilikuwa naanika nguo. Nikamwona barazani na bakuli lake. Kila akishika haragwe linamponyoka. Anainama, analiokota, linamponyoka tena. Nikatazama, nikasema moyoni, na aone. Nikaanika shati, nikaanika taulo. Halafu nikamwona ameweka bakuli chini, ameyaacha yote, anatazama tu mikono yake. Basi nikapita pale ukuta ulipobomoka, nikachukua bakuli, nikakaa."

"Akasema nini?"

"Akasema nakata vipande virefu mno."

Fadlo alicheka, na kicheko kile kilimpata Nuhad mahali ambapo hakuwa amejikinga. Aligeukia sufuria haraka. Vitunguu vilikuwa vimelainika na kuanza kung'aa, naye akavimwagia maharagwe yote kwa pamoja, na vitunguu saumu, na chumvi. Mafuta yakanguruma, kisha yakatulia. Alianza kuyageuza polepole kwa mwiko, kutoka chini kwenda juu.

"Mafuta haya ni ya zeituni zetu?" Fadlo aliuliza.

"Zenu. Za mwaka jana."

"Nani alizichuma?"

"Nani yuko hapa wa kuzichuma, Fadlo?"

Alishusha begi.

"Kule nilijaribu kupika lubie," alisema. "Nilinunua maharagwe dukani, membamba kama njiti za kiberiti. Nikatia mafuta, nikatia nyanya, nikaenda kuoga. Kutoka bafuni, nyumba nzima moshi. Majirani wakagonga mlango. Ndiyo siku ya kwanza niliyowajua majirani zangu."

"Uliwasha moto mkubwa."

"Nilikuwa na njaa."

"Lubie haipikwi na mwenye njaa."

"Nikaishia kula nini, hutaki kuniuliza?"

"Ulikula nini?"

"Mkate. Nimesimama." Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilichoka kabla halijafika machoni. "Kula umesimama ndiyo desturi ya kule kwa mtu anayeishi peke yake. Ukikaa mezani unaona viti."

Nuhad alijua habari za viti. Kwake vilikuwa vinne, na vitatu alikuwa amevipeleka chumba cha cherehani, akavirundikia vitambaa vya mapazia ya wateja. Lakini hakumwambia. Alifunika sufuria, akapunguza moto hadi ukawa ua dogo la buluu, akaanza kumenya nyanya.

"Hukuoa," alisema. Alikusudia liwe swali, likatoka kama taarifa.

"Nilikaribia. Binti wa watu, mwema, hana kosa. Siku moja akaniuliza ninafikiria nini, nikashindwa kusema uongo. Na wewe?"

"Mimi nina cherehani."

Walitazamana. Hakuna aliyejua ni nani aliyeanza kuyakwepa macho ya mwenzake. Nyanya aliyoishika Nuhad ilitiririsha maji hadi kwenye kiwiko, na Fadlo akanyanyuka akachukua kitambaa, akasimama nacho karibu yake kabisa, hajui ampe au amfute. Alinuka safari ndefu na sabuni ya ndege. Alimpa.

"Asante," Nuhad alisema.

"Nuhad, ile siku kanisani..."

"Nyanya hizi zinatosha?"

"Sijui. Wewe ndiye unayejua."

"Zinatosha."

Akazimwaga juu ya maharagwe, ambayo kwa wakati huo yalikuwa yamepoteza ule ukijani wake mkali na kuwa ya rangi ya majani makavu. Akanyunyiza pilipili manga, akafunika tena. Chumbani kitanda kikalia, na sauti ya kikongwe ikauliza ni nani anayezungumza na Nuhad jikoni, kama ni mtu wa gesi mbona anachelewa kuondoka.

Mama Fadlo alipomwona mwanawe hakupiga kelele. Alimshika mashavu kwa mikono yake miwili iliyotikisika, akayashika hivyo hivyo, na kichwa cha Fadlo kikawa kinatikisika pamoja nayo. Nuhad alitoka nje kuanua shuka.

Walikula alasiri barazani, chini ya mzabibu, lubie ilipokuwa imepoa kabisa na mafuta yamepanda juu kwa rangi ya machungwa. Fadlo alitaka kuila ikiwa moto, na wanawake wote wawili wakamkatalia kwa pamoja bila kutazamana. Palikuwa na mkate mwembamba, vitunguu vibichi, figili, nanaa na zeituni nyeusi. Nyama, jibini, mayai, vyote vilikuwa vimekaa kando mpaka Sikukuu ya Bikira ipite. Nuhad alimkunjia Mama Fadlo vipande vya mkate, akavijaza, akampa mkononi kimoja kimoja, naye alivipokea bila kutazama, kama mtu anavyopokea kutoka kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula," Mama Fadlo alimwambia mwanawe. "Huyu amekuja kuijua kuliko mimi."

"Mama, wewe kumsifu mtu?"

"Sijamsifu. Nimesema kula."

Fadlo alikula. Alikula akiwa ameinamisha uso, na alipofika sahani ya pili aliacha kuzungumza. Kisha akaweka mkate chini, akafuta vidole, akasema alichokuja kukisema.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Karatasi zote ziko tayari. Tunaondoka baada ya Sikukuu."

Juu yao nyigu wawili watatu walikuwa wakizunguka mzabibu. Mama Fadlo alitazama bonde, mashamba ya zeituni yaliyoshuka hadi barabarani.

"Nani atanijua huko?" aliuliza.

"Mimi nitakujua."

"Wewe utakuwa bafuni kwa watu unatandaza vigae."

"Mama, huwezi kukaa hapa peke yako."

Nuhad alikuwa ameshika kipande cha mkate alichokuwa akikikunja. Peke yako. Alikikunja vizuri, akakiweka kwenye sahani ya kikongwe, akakusanya vyombo, akaingia ndani.

Fadlo alimfuata jikoni. Alisimama nyuma yake wakati akiosha sufuria.

"Nilitaka nikuambie wewe kwanza."

"Ni mama yako. Ni haki yake kuambiwa kwanza."

"Nuhad, njoo nasi."

Maji yaliendelea kutiririka. Nuhad alifunga bomba.

"Sema tena," alisema kwa sauti ya chini.

Pengine kama angekomea pale. Pengine kama angelirudia neno lile moja tu, akanyamaza, mambo yangekuwa mengine. Lakini Fadlo alikuwa amebeba hotuba yake kutoka upande wa pili wa dunia, akaimwaga yote.

"Njoo nasi. Nimeliwaza njia nzima, na leo nilipokuona hapa nikasema ndiyo, ni Mungu. Mama amekuzoea. Chakula chako anakula, mkono wako anaukubali, na mama unamjua, hamkubali kila mtu. Padri Iliya atatufungisha ndoa Sikukuu ikipita, kimya kimya, kisha nitashughulikia karatasi zako. Nyumba ina chumba cha mama upande wa jua. Mchana mimi niko kazini, mtakuwa pamoja, hatakuwa mpweke. Kila mtu atapata anachohitaji."

Nuhad alikausha mikono yake, kidole kwa kidole.

"Katika maneno yote hayo, Fadlo, mimi niko wapi?"

"Vipi uko wapi? Wewe ndiye nimekuomba."

"Umeomba mtu wa kumlisha mama yako."

"Si haki kusema hivyo."

"Nakuuliza, nawe nijibu kweli. Kama mikono yake isingetetemeka, ungeniomba?"

Alifungua mdomo. Nuhad aliyaona macho yale ya kahawia yakitafuta jibu zuri, yakaliacha, yakatafuta lingine. Aliona pia kwamba anampenda. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alimpenda kama wanavyopenda watu waoga, kwa dhati na kwa mbali, akingoja mtu mwingine amfungulie mlango.

"Ninakupenda," alisema. "Hilo si unalijua."

"Nilijue kwa nani? Nani aliniambia? Baba alipokufa nilikaa na maiti yake usiku kucha na simu mapajani. Habari ulizipata. Mama yako alikupigia, mwenyewe amenieleza."

"Nilishindwa nikuambie nini baada ya kimya kile chote."

"Ungesema pole. Mtu wa gesi alisema pole."

"Nuhad, mimi ni mjinga, lakini usinifunge mlango."

"Siufungi. Mimi sijawahi kwenda popote." Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. "Lubie iliyobaki iko kwenye bakuli la buluu. Usiipashe moto. Mama yako haipendi ya kupashwa."

Alipita pale ukuta ulipobomoka, akaingia kwake, akakaa kwenye kile kiti kimoja.

Siku zilizofuata hakuvuka. Alishona. Aliwasikia upande wa pili, Fadlo akiburuta makabati, akipigilia mbao madirishani, akimsomea mama yake majina ya vitu na kumuuliza kama viende au vibaki. Jioni alisikia redio yao. Mara moja alimsikia Fadlo akiimba barazani, akakatiza katikati ya ubeti, naye Nuhad akabaki na sindano hewani akingoja ubeti uishe. Haukuisha.

Hakupika. Kwa nani? Alikula mkate na zeituni, na siku moja aligutuka akajikuta anakula amesimama karibu na dirisha, akakumbuka aliyosema Fadlo, akaketi kwa nguvu. Bustanini maharagwe yalikomaa yakaanza kuwa magumu, nyuzi zake nene kama uzi wa gunia. Siku ya Sikukuu alikwenda kanisani mapema akakaa nyuma. Mama Fadlo alipita amemshika mwanawe mkono. Hakugeuza kichwa. Nuhad alisema moyoni, haya ndiyo malipo ya kujipeleka jikoni kwa watu.

Asubuhi ya kuondoka alisikia teksi ikipanda kilima. Alikuwa ameapa hatatoka nje. Alikaa mezani, akafungua kitambaa cha pazia, akakikunja tena, akakifungua.

Mlango wake ulisukumwa. Mama Fadlo aliingia.

Hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi la safari, pambo la dhahabu kifuani, viatu vipya ambavyo visigino vyake vilimbana, na chini ya kwapa alikuwa amebana mfuko wa plastiki. Alipita ukuta uliobomoka na viatu vile; goti lake moja lilikuwa na vumbi. Aliangalia chumba, akakiona kiti kimoja, na Nuhad akanyanyuka haraka akampisha.

"Kiti kingine kiko wapi?" kikongwe aliuliza.

"Nitaleta."

"Lete."

Nuhad alikwenda chumba cha cherehani, akamwaga vitambaa sakafuni, akaleta kiti. Mama Fadlo alikuwa ameshaumwagia mezani mfuko wake. Maharagwe. Aliyachuma mwenyewe, mengine na majani, mengine na mizizi.

"Yamekuwa magumu," alisema. "Umeyaacha. Yatataka moto mrefu."

"Mama Fadlo, teksi imefika."

"Nimeisikia. Mimi si kiziwi."

Honi ililia chini. Kisha zikasikika hatua za Fadlo zikikimbia barazani kwao, sauti yake ikiita mama, mama, ikikaribia ukuta. Alitokea mlangoni anahema, pasipoti mbili mkononi.

"Mama, unafanya nini huku? Tutachelewa."

"Wewe utachelewa. Mimi nimefika."

"Mama, tafadhali. Tumekubaliana."

"Tulikubaliana wewe na wewe. Mimi niliulizwa kabati liende au libaki, sikuulizwa kama mimi niende au nibaki." Alishika haragwe moja, likamponyoka, akaliacha lilipoanguka. "Nisikilize, Fadlo. Nikipanda ndege hiyo, wewe hapa hurudi tena. Kitakurudisha nini? Mawe? Utarudi siku ya kunizika, tena labda utanizika huko huko kati ya watu nisiowajua. Nikibaki, utarudi. Ukitaka usitake, utarudi."

"Nitarudi kwa ajili yako, ndiyo, lakini..."

"Basi. Mtu hurudi kwa sababu yoyote. Akishafika ndipo hujua alichokifuata."

Nuhad alikuwa amesimama kando ya meza, mgongo ukiwa umegusa ukuta.

"Mama Fadlo," alisema, na sauti yake haikuwa imara. "Mimi sitaki kurudiwa kwa ajili yako."

"Najua. Nilikusikia siku ile. Kati ya jikoni kwangu na barazani hakuna mlango." Kikongwe hakumtazama. Alikuwa anatazama maharagwe. "Na mimi sitaki kulishwa na mtu niliyemwita nyoka. Lakini nimelishwa. Tumbo langu limejaa chakula chako miaka yote hii, na neno langu bado liko kwenye ngazi za kanisa, halijaokotwa na mtu. Nilimzaa huyu. Siku ile ya kanisani nilimtazama nikingoja aone aibu aniambie nyamaza. Hakuniambia. Nikafurahi. Mimi mama yake, nikafurahi kwamba mwanangu ni mwoga."

Fadlo alikuwa amejaa mlango mzima, lakini Nuhad alimwona akipungua. Honi ililia tena.

"Nenda," mama yake alimwambia, taratibu sasa. "Una kazi. Umeacha bafu la watu wazi. Nenda."

Akambusu. Alimshika mashavu kama siku aliyofika, kichwa kikatikisika, kisha akamsukuma.

Nuhad alimsindikiza hadi kwenye ukuta, si zaidi. Dereva alikuwa anashusha masanduku ya Mama Fadlo na kuyapanga barabarani, akinung'unika.

"Niambie nirudi," Fadlo alisema.

"La. Ukirudi, urudi bila kuambiwa."

"Na nikirudi, utanipokea?"

Alimtazama kope zile ndefu. Miaka tisa iliyopita angesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Wiki moja iliyopita pia angesema ndiyo.

"Sijui, Fadlo. Hilo nalo itabidi ulisafirie bila kulijua."

Aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha mkono, akamgusa kwa ncha za vidole mahali ambapo maji ya nyanya yalikuwa yamemwagikia, kiwikoni, akauondoa. Kisha akateremka. Hakugeuka mpaka alipofika mlango wa gari, na hapo aligeuka, akasema neno ambalo injini ililimeza. Teksi ikashuka kilima, ikapotea kwenye mizeituni, ikatokea kwenye kona ya chini, ndogo, ikapotea tena.

Nuhad alisimama hadi vumbi likalala. Aliporudi ndani Mama Fadlo alikuwa amevua viatu vipya na ameviweka chini ya kiti. Nuhad aliketi mbele yake, akavuta maharagwe, akavunja ncha, akavuta uzi, akavunja ncha ya pili. Alifanya hivyo kwa moja, na kwa jingine. Midomo yake ilikuwa imebanwa sana.

Kikongwe alijigeuza kitini polepole mpaka akampa mgongo, akaelekeza uso dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta.

"Sasa lia, mwanangu," alisema. "Mimi sitazami."